Ishushe Hiyo Fleshi: Mzee wa Kamera Ajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, nje ya studio yangu hapa Magomeni, kwa sababu umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi. Wateja wawili wa paspoti saizi nimewapiga hapahapa, shuka jeupe nyuma yao, na hakuna aliyenung'unika. Tuendelee na barua.

Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Singida, napiga harusi na sendofu. Nimenunua fleshi ya kuchomeka juu ya kamera kwa fedha niliyodunduliza miezi minane, lakini picha zimekuwa mbaya kuliko zamani. Nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya kupikia, na nyuma ya bibi harusi ni giza tupu, utadhani wamefungia ndoa pangoni. Nimeuziwa feki?

Marahaba, mwanangu. Hukuuziwa feki. Fleshi yako ni nzima, tatizo ni ilipokaa na inakotazama. Ikiwa juu ya kamera na inamtazama mtu usoni, mwanga unatokea karibu kabisa na lilipo jicho lako, kwa hiyo vivuli vyote vinajificha nyuma ya pua na mashavu, huvioni. Uso usio na kivuli ni sahani.

Halafu kuna suala la ngozi zetu. Iwe nyeusi ti, iwe maji ya kunde, ngozi yetu haipendezi kwa kumwagiwa mwanga mwingi. Inapendeza kwa mng'ao. Mtazame mtu mweusi aliyekaa ubavuni mwa dirisha: kuna utepe laini wa mwanga unaoshuka kutoka kwenye paji la uso, ukapita shavuni, ukaishia kidevuni. Huo utepe ndio unaouchora uso. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo, kama kile kioo cha fleshi yako, utepe unageuka kidoa cheupe kikali, ndiyo hayo mafuta ya kupikia unayoyaona. Chanzo kikiwa kikubwa, mng'ao unatandaa.

Basi kizungushe kichwa cha fleshi kitazame ukuta ulio pembeni yako, au dari. Sasa taa yako si fleshi tena, ni ukuta mzima. Ila tazama rangi kwanza, nakusihi. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilipiga harusi kwenye ukumbi uliotandazwa vitambaa vya zambarau darini. Nikairusha fleshi juu kwa majivuno, usiku kucha. Kamati nzima ilitoka zambarau, bwana harusi zambarau, keki zambarau. Mama wa bibi harusi alikuja studio na albamu kwapani, akaiweka mezani, akaifungua ukurasa wa kwanza, hakusema neno. Nilirudisha nusu ya malipo. Tangu siku hiyo nikiingia ukumbini natazama dari kabla sijamsalimia MC. Kama dari haifai, tafuta ukuta mweupe, au mpe mdogo wako ubao mweupe wa povu gumu, ule unaofungashiwa friji mpya, ausimamishe kando ya fleshi.

Giza la nyuma ni jambo jingine. Fleshi inawaka kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukifungua shata, yaani ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, kwa 1/200 au kwa 1/50 ya sekunde, mwanga wa fleshi unaoingia ni uleule. Kinachobadilika ni taa za ukumbi: shata ikikaa wazi zaidi, zinapata nafasi ya kuingia. Nahisi umeacha 1/200 na ISO 100 (ISO ni kiasi kamera inavyouhisi mwanga) kwa sababu kuna mtu alikwambia ISO kubwa inaharibu picha. Shusha shata hadi 1/60, pandisha ISO hadi 1600, uone mapambo yanavyotokea nyuma ya bibi harusi. Usishuke sana wakati wa kucheza muziki, watu watatoka pichani wameburuzika, si wakali.

Ukipata fedha nyingine, lenzi isubiri. Nunua triga, kile kifaa cha kuiwasha fleshi ikiwa mbali na kamera, uitoe fleshi juu ya kamera, mdogo wako aishike mkono wa kushoto kwako, juu kidogo ya kichwa cha bibi harusi. Standi ni rahisi kuliko mdogo wako, lakini ukumbini watoto wanakimbizana na standi huanguka. Mdogo wako haanguki.

Mzee, nikipiga kwa simu dukani kwangu, picha zinatoka na mistari myeusi iliyolala. Simu imeharibika? (Msomaji wa Tanga)

Simu nzima, taa ndizo zinazopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, simu inaona. Tafuta kwenye kamera ya simu sehemu ya kupanga mwenyewe, uweke shata 1/50 au 1/100. Ikikataa, badilisha taa au sogea mlangoni.

Naandikia gazeti kutoka Lindi. Mikutano ya hadhara huku hufanyika mchana, wazee wamevaa kofia za pama, kwenye picha macho yao hayaonekani. Nikitumia fleshi mchana wenzangu wananicheka, na mmoja ananiambia picha ya habari haichezewi mwanga. Ukweli ni upi?

Wanaocheka waache. Huko kwenu mwishoni mwa Februari, na tena karibu tarehe 20 Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi hasa, na miezi mingine halikai mbali sana. Kofia ya pama chini ya jua la utosi ni kama mwavuli. Anza na ISO 100, shata 1/200, apecha (tundu la lenzi) f/11, fleshi uipunguze isishindane na jua, na usimkae mzee mbali zaidi ya mita 3. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaomfikia unabaki robo, kwa hiyo ukipigia mita 6 ni kama hukuiwasha. Usipandishe shata juu ya kiwango ambacho kamera inakubaliana na fleshi, kwa nyingi ni 1/200 au 1/250, la sivyo nusu ya picha itatoka nyeusi.

Kuhusu kuchezea mwanga: fleshi ya kujaza kivuli haimsingizii mtu. Mzee alikuwepo, na macho alikuwa nayo. Ugomvi unaanza pale unapopanga tukio. Mwaka 2015 mpiga picha mmoja Mwitaliano alishinda zawadi ya World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari, kwa mfululizo kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji. Watu wakaanza kuhoji picha moja ya usiku, ya wawili ndani ya gari: fleshi alikuwa ameiweka yeye mwenyewe mle garini, na mwanamume alikuwa binamu yake. Hilo waandaaji walilipitisha. Zawadi waliifuta baadaye, ilipojulikana kwamba picha nyingine katika mfululizo huo haikupigwa Charleroi bali Brussels. Mimi hata ile ya gari ningeikataa, lakini mimi si jaji.

Wala si kwamba mikono yangu ni safi. Mwaka wangu wa pili gazetini nilitumwa Jangwani baada ya mafuriko. Ndani ya chumba kimoja mama alikuwa amekaa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, amegeukia ukutani. Dirisha lilikuwa nyuma yake, uso gizani. Nikamwambia, "Mama, naomba ugeukie dirishani kidogo." Akageuka. Mwanga ulimwangukia vizuri mno, nikapiga, nikashukuru, nikaondoka. Mhariri akaitazama ile picha, akauliza, "Ulimkuta amekaa hivi?" Nikajikuna kisogo. Haikutoka. Yule mama alikuwa anautazama ukuta kwa sababu alama ya maji ilikuwa pale, usawa wa kifua chake. Hiyo ndiyo ilikuwa picha, nami nilimgeuza akaipa mgongo.

Ukitaka kumpanga mtu, mpige picha ya kupozi, na maelezo chini ya picha yaseme hivyo.

Shikamoo babu. Nataka kumpiga bibi yangu picha moja nzuri kabla sijarudi chuoni. Sina fleshi, nina kamera ya kuazima. Nyumba ina dirisha moja tu. (Binti wa Pangani)

Marahaba, mjukuu. Dirisha moja latosha. Seydou Keïta, mpiga picha mashuhuri wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na picha nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa mchana. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani.

Zima taa ya chumbani, zisichanganyike rangi mbili za mwanga. Mkalishe bibi ubavu kwa dirisha, karibu, kama urefu wa mkono. Jua lisiingie moja kwa moja; likiingia, tundika kanga nyeupe au chandarua. Upande wa uso ulio gizani mwekee mtu ashike shuka jeupe, asogee mpaka uone jicho la pili linaanza kung'aa. Asisogee zaidi, makunyanzi ya bibi yatapotea, na hayo ndiyo umeyafuata.

Kamera itakudanganya. Uso mweusi ukijaza fremu, inadhani kuna giza na kuupausha. Akijitanda kanga nyeupe, inaufifiza. Pima mwanga usoni, tazama kioo cha kamera, punguza au ongeza mwenyewe.

Mpe kikombe cha chai ashike, mikono isihangaike. Maneno ya kwanza yatakuwa "sijajiandaa". Mwache ajitande vizuri, na ukiona ameanza kukusimulia kitu, piga.