Gari la Hokkaido, gurudumu la nyuma limekamata

Pole ndugu uliyeuliza kuhusu gari lako lililotoka Japani. Gurudumu moja kuwa moto na kunuka kuungua baada ya gari kukaa wiki mbili pale Mbarara, hiyo ni breki iliyokamata. Hokkaido, kaskazini mwa Japani, wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na kutu huanza hukohuko, muda mrefu kabla gari halijafika Mombasa.

Usilazimishe kwa kukanyaga mafuta, wala usimwagie maji diski ikiwa moto, itapinda. Gurudumu likipoa, weka mawe kwenye magurudumu mengine, shusha breki ya mkono, piga jeki, zungusha kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo nati ya kutolea hewa. Likiachia hapo, shida ni presha iliyonaswa, mara nyingi mpira wa breki umeziba kwa ndani. Lisipoachia, angalia pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), pistoni yake na kebo ya breki ya mkono.

Pini zisafishe kwa brashi ya waya, upake grisi ya silikoni. Fundi akileta grisi ya kawaida, kataa, inavimbisha raba. Pistoni yenye mashimo ya kutu usiisugue kwa msasa, itavuja tu. Tafuta kalipa nyingine, hata iliyotumika ya Kisekka, soko la vipuri Kampala, ila ibadilishiwe sili. Pedi badilisha pande zote mbili.

Ukiona mafuta ya breki yanavuja au pedali inazama, ita gari la kuvuta. Na safari yako ya Kabale iahirishe, miteremko ile inachemsha hata breki nzima.