Kwako unayeanza kazi ya utalii: soma wageni wanachoandika

Ukiajiriwa leo hotelini au kwenye kampuni ya safari, utaonyeshwa mapokezi, daftari la nafasi na funguo. Huenda hakuna atakayekuambia kwamba kusoma maoni ya wageni mtandaoni ni sehemu ya kazi. Mimi sikuambiwa, nikajifunza kwa kukosea.

Kabla ya intaneti mgeni alimtegemea wakala, brosha zetu au kitabu cha mwongozo. TripAdvisor, mtandao ambao leo wasafiri huandika maoni yao, ilipoanzishwa mwaka 2000, waanzilishi walikusudia hasa kukusanya yaliyoandikwa na vitabu na magazeti. Nafasi ya msafiri kuandika maoni yake ilikuwa nyongeza tu. Nyongeza hiyo ikameza mengine yote. Mwandishi wa kitabu alipita mara moja, lakini wageni mia wamelala vyumba tofauti, siku za mvua na za jua, na kila mmoja kaona lake.

Sasa kosa langu. Mgeni aliandika kwamba asubuhi hakupata maji ya moto. Siku hiyo nilikuwa zamu na nilijua boila inafanya kazi, kwa hiyo nikamjibu hadharani kwamba boila yetu ni mpya na kwamba angesema mapokezi angesaidiwa. Wiki iliyofuata meneja alinikalisha na maoni ya miezi sita yaliyochapishwa, akanipa kalamu, akaniambia nizungushie kila penye neno "maji". Nilizungushia mara saba. Watano walitaja ghorofa ya juu, na karibu wote walitaja kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wakati kila mtu anaoga. Boila ilikuwa nzima kweli. Presha ndiyo haikufika juu. Fundi alifunga pampu, tatizo likaisha. Ila kwa miezi sita watu walikuwa wametueleza ugonjwa wetu, ghorofa na saa, na mimi nilikuwa nabishana nao. Bado naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo anza na maoni ya nyota tatu. Mwenye nyota tano mara nyingi ataandika "pazuri sana" na kuondoka, na wa nyota moja huwa bado ana hasira. Wa nyota tatu amepima: kitanda kizuri, kelele za jenereta. Ukiona jambo limerudiwa na watu watatu wasiofahamiana, lipeleke kwenye kikao cha wafanyakazi likiwa na namba ya chumba.

Unapojibu, kumbuka wasomaji wengi wa jibu lako ni watu ambao hawajafika bado. Siku hizi ningeandika hivi: "Pole kwa maji baridi asubuhi ile. Presha haikufika ghorofa ya tatu. Tumefunga pampu na sasa yanafika." Basi. Jibu moja la kunakili chini ya kila maoni linaonyesha tu kwamba hamjasoma.

Jua pia kila mtandao unavyofanya kazi. Booking.com hupokea maoni ya aliyeweka nafasi kupitia kwao, wakati TripAdvisor haidai uthibitisho huo. Airbnb, mtandao wa watu kukodisha nyumba zao kwa wageni, tangu 2014 huficha maoni ya mwenyeji na ya mgeni mpaka wote wawili waandike au muda uishe, ili asiwepo wa kulipiza kisasi.

Utashawishiwa kununua maoni. Kataa, hata kama ni bosi anayekutuma, na usiwaombe ndugu zako waandike. Marekani ilipitisha kanuni ya kuyapiga marufuku mwaka 2024, Uingereza ikafuata 2025. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alikifikisha kibanda cha nyumbani kwake, akikiita mkahawa, kileleni mwa orodha ya TripAdvisor ya mikahawa ya London kwa maoni ya kutunga. Watu husimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba uongo unalipa. Mkahawa ule haukuwa na biashara ya kila siku. Wewe kesho mgeni atafika na begi lake, akitafuta alichoahidiwa.

Mwanablogu akiomba kulala bure, soma kwanza kazi zake na umuulize kama huwaambia wasomaji wake kwamba alikaribishwa. Ukimkubali, mpe chumba kile kile wanachopata wengine, na usidai kusoma kabla hajachapisha.

Kuhusu picha, nenda taratibu. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi wasiofikia elfu moja, mwaka 2023 kiliweka uzio wa mbao pale wageni walipojazana kujipiga picha, kisha kikauondoa. Fujikawaguchiko, Japani, mwaka 2024 waliziba kwa pazia jeusi mahali palipopendwa kwa kupigia picha ya mlima Fuji. Kabla hujamwonyesha mgeni mwenye wafuasi wengi kona nzuri ya kupigia picha, nenda ukasimame pale mwenyewe, uangalie mlango wa nani uko nyuma yako.