Usifute folda nzima! Niulize mimi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia usiku wa manane ati ameapdeti Firefox ya kwenye fleshi yake na kila kitu kimeenda, paswadi, kurasa alizohifadhi, zote. Nikacheka, halafu kicheko kikanikwama, kwa sababu mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo na hiyo fleshi haikuwa hata yangu.

Wakati huo nilikuwa na kasaiba kadogo hapa Kondele, Kisumu, printa moja na laptopu mbili. Kulikuwa na mama mmoja wa mitumba pale soko la Kibuye, hana kompyuta, nikamwekea Thunderbird, programu ya imeili, ile ya PortableApps, zile programu zinazokaa na kufanya kazi kwenye fleshi bila kuinstoliwa kwa kompyuta, akija anachomeka, anasoma imeili za watu wake wa mzigo wa Mombasa, anachomoa, anaenda zake. Nilijiona fundi kweli. Miaka miwili hivyo. Siku moja nikaona toleo jipya limetoka, nikasema wacha nimfanyie hii ya bure, nikafuta folda yote ya zamani nikaweka mpya. Ikafunguka safi, tupu kabisa, inaniuliza anwani ya imeili ni gani. Na zile imeili nilikuwa nimeziseti kwa POP, njia ya kushusha imeili kutoka kwa seva, na vile nilivyoiseti zikishashuka zinafutwa kwa seva, kwa hivyo hakukuwa na kopi mahali popote duniani.

"Nyathina," mwanangu, mama akaniuliza, "barua zangu ziko wapi?"

Hakunitukana, na heri angenitukana. Alichukua fleshi yake akatoka. Mpaka leo nikipita Kibuye Jumapili tunasalimiana vizuri tu, lakini fleshi anapeleka kwingine.

Sasa sikizeni. Ukifungua folda ya programu ya PortableApps utapata App na utapata Data. App ni programu yenyewe, hiyo hata ikipotea unadaunilodi ingine. Data ni yako, ndio imebeba imeili, paswadi na setingi zako. Toleo jipya ukiliinstoli juu ya folda ile ile linabadilisha App na Data linaiwacha. Mimi nilijifanya mjanja kuliko instola! Basi funga programu kwanza, kopi Data uweke kwa laptopu, ndio uapdeti. Na zile za zipu, zisizo na instola, unafungua tu faili ya zip, kama Notepad++ ya kuandikia, ni mbaya zaidi, setingi na programu zimelala kitanda kimoja, hizo kopi folda nzima kabla hujagusa kitu.

Halafu hii tabia ya kuandika namba ya toleo kwenye jina la folda muiwache. Nilikuwa na VLC, ile ya kuchezesha video, tatu kwa fleshi moja, na shotikati inafungua ile ya zamani kila siku, mimi nalaumu laptopu. Folda iitwe VLC, basi. Siku hizi nina programu kama thelathini na naziapdeti kabla chai haijachemka, sijisifu lakini ndio ukweli. Vijana hamtaki kupanga vitu, mnataka tu kudaunilodi.

Na wewe uliyeniandikia, chomoa hiyo fleshi sasa hivi na usiweke kitu kingine ndani. Kitu kikifutwa kwa fleshi hakiendi kwa pipa la kompyuta, lakini kama hakijaandikwa juu bado kinaweza kupatikana, jaribu Recuva, programu ya kurudisha vitu vilivyofutwa, ukiiendesha kutoka kwa laptopu, na utakachopata usirudishe kwa fleshi hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeshaweka Thunderbird mpya juu. Nilipata vipande vya picha za viatu tu.