Uchungu wa mbege unatoka kwenye msesewe

Umeuliza mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, inatoa wapi ule uchungu wakati ndizi mbivu ni tamu, jibu ni msesewe ndugu yangu, yale magome ya mti yanakaushwa yanasagwa. Kule Kilimanjaro ndizi zinachemshwa masaa kibao mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa ndo zinachujwa, halafu unapikwa uji wa kimea cha ulezi unatiwa msesewe kidogo, vyote vinachanganywa, kesho yake unakuta povu limepanda na chembe za ulezi zinaelea juu. Msesewe ukizidi hainyweki kabisa. Na usiiite pombe tu jamani, kwa Wachaga ukienda kuposa au kusuluhisha ugomvi lazima mbege iwepo, kata moja ya kunywea inazunguka, wazee wanaanza.