Maswali na majibu: Supa gluu haituni mandolini, na spika kubwa haitawaficha

SWALI: Habari, fundi. Sisi ni kikundi cha vijana na wazee wachache hapa Buruburu, Nairobi. Tuna mandolini sita, zile ala ndogo za nyuzi nane, nne mpya za bei ya chini na mbili kuukuu. Tunataka kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tufanye warsha ya blues ya watu kumi mchana, kisha jioni tamasha dogo la wasikilizaji arubaini. Kila mmoja akipiga peke yake anasikika vizuri kiasi, lakini tukipiga pamoja, hasa juu ya shingo, karibu na mwili wa ala, inakuwa kelele tupu. Tumetuni kwa programu ya simu na kila uzi unaonyesha kijani. Fundi mmoja anasema tugundishe madaraja, vile vipande vya mbao vinavyobeba nyuzi juu ya mwili, kwa supa gluu yasitembee. Wa mitambo anasema tukodi spika mbili kubwa na miksa yenye ekwalaiza, kasoro hazitasikika. Mwenzetu anayefundisha anasema blues haihitaji kutuni sana, noti zake zimepinda tangu asili. Tumsikilize nani?

JIBU: Msimsikilize yeyote kati ya hao watatu. Kila mmoja anatoa dawa ya kitu ambacho hajakipima, na swali hili hunifikia kwa sura hii hii, liwe limetoka kanisani, shuleni au kwa kikundi cha mtaa.

Ikiwa nyuzi zikiachwa wazi, bila kubonyezwa, zinaonyesha kijani na noti za juu ya shingo zinapishana, masikio yenu hayana kosa wala simu haina kosa. Daraja limekaa mahali pasipo pake. Daraja la mandolini huachwa bila gundi kwa makusudi. Linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi nane, ambazo zikikazwa zinavuta kwa jumla ya kilo 70 na zaidi. Mandolini nyingi za mtindo wa Marekani zina urefu wa uzi wa takriban milimita 350, kutoka mwisho wa shingo upande wa vigingi hadi darajani. Kwa urefu huo, kila milimita moja ya kukosea huhamisha noti ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa karibu senti 5 ikilinganishwa na uzi ulio wazi, na senti 100 ndizo semitoni moja, yaani hatua ya freti moja. Daraja likikosea milimita 5, mmeshapoteza robo ya semitoni. Anayepiga peke yake haoni shida sana, kwa kuwa noti zake zote zimepotoka upande mmoja na sikio linamsamehe. Wakae sita, huyu yuko juu senti 20 na yule chini senti 15, na hiyo ndiyo kelele mnayoisikia.

Ukiacha bei ya nyuzi, kuliweka sawa hakuhitaji fedha, kunahitaji saa moja kwa kila mandolini. Anzeni na nyuzi, kwa sababu uzi mkuukuu wenye kutu hauwezi kutoa noti ya kweli hata daraja likiwa sawa. Badilisheni mmoja mmoja. Mkitoa zote kwa pamoja daraja linaanguka na alama yake inapotea. Seti nyepesi ya kawaida ni inchi 0.010 kwa E, 0.014 kwa A, 0.024 kwa D na 0.038 kwa G, kila saizi nyuzi mbili. Mwisho wake ni kitanzi. Mkikosa nyuzi za mandolini mjini, nyuzi za gita za saizi hizo hizo zinafaa: ponda kwa koleo ile punje ya shaba iliyo mwishoni, ukiwa umeifunika kitambaa isikurukie jichoni, na kitanzi kitabaki. Msiongeze saizi eti ndio mpate sauti nene. Uzi wa 0.012 mahali pa 0.010 huongeza mvuto kwa asilimia 44, na mbao ya juu ndiyo itakayolipa.

Sasa angalieni daraja limeelekea wapi. Sehemu ya juu ina ngazi ndogo ndogo, na kwa madaraja mengi ngazi ya E iko mbele, upande wa shingo, na ya A iko nyuma yake. Likiwa limegeuzwa, mtahangaika mchana kutwa bila kupata noti. Kisha pimeni kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12. Kwa wanaoanza, milimita 1.5 hadi 2 inatosha. Mandolini za bei ya chini mara nyingi huja zikiwa na 3 au zaidi, na kila unapobonyeza uzi ulio juu hivyo unauvuta na noti inapanda. Legezeni nyuzi kwanza ndipo mzungushe vile vigurudumu viwili vya daraja, la sivyo mtaharibu meno ya skrubu.

Ndipo mje kwenye kipimo chenyewe. Gusa uzi wa E juu kabisa ya freti ya 12 bila kubonyeza, piga, usikie ile noti nyembamba ya hamoniki. Kisha bonyeza hapo hapo, upige tena, ukiangalia simu. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko hamoniki, sukuma daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Sogeza nusu milimita tu kila mara, tuni tena, pima tena. E ikikaa sawa, fanya G vivyo hivyo, na mguu wa upande huo unaweza kurudi nyuma kidogo kuliko wa E. Tofauti ikishuka chini ya senti 3, achia hapo. Mwishowe tazama ubavuni: mgongo wa daraja usimame wima juu ya mbao. Kila unapokaza nyuzi, kichwa cha daraja huvutwa kuelekea shingoni kidogo kidogo, na lisiporudishwa kwa vidole viwili litajikunja au kuruka siku ya tamasha.

Mkitaka daraja lisitembee, jibu ni penseli. Zungushia miguu yake mstari mwembamba. Likisogea, mtaliona na mtalirudisha. Linalotembea kila siku lina mguu usiolala vizuri juu ya mbao. Weka msasa wa namba 120 juu ya mbao pale pale daraja linapokaa, upande wa mchanga ukiutazama mguu, uubandike kwa utepe, usugue daraja mbele na nyuma mpaka mguu ulale kote, kisha umalize na 220. Kipande cha karatasi kisipite chini yake.

Supa gluu inalifungia kosa ndani. Mkibadilisha saizi ya nyuzi, mkipandisha kimo, au mbao ikivimba msimu wa mvua na kunywea Januari na Februari, daraja linatakiwa lisogezwe tena, na sasa haliwezi. Fundi anayetoa chupa ya gundi kabla hajaweka kidole kwenye freti ya 12 hajui anachokitengeneza. Msimpe ala nyingine.

Kwa mwenzenu anayefundisha nina ukali kidogo, maana maneno yake yanaharibu wanafunzi wazuri. Blues ina noti za buluu, ni kweli. Katika G, ile ya tatu inaning'inia kati ya B bemoli na B, yaani kati ya freti ya 1 na ya 2 ya uzi wa A, na mpigaji huifikia kwa kuteleza au kwa kusukuma uzi. Lakini anaichagua yeye, noti ile, wakati ule, huku kila kitu kingine kikiwa mahali pake. G ya chini ikiwa imepotoka, sikio halina pa kusimama na hakuna noti ya buluu inayosikika. Isitoshe mandolini ina nyuzi mbili mbili. Jozi ikitofautiana hata kidogo inatetemeka yenyewe, na tremolo, yaani kupiga noti moja harakaharaka mfululizo, ambayo ndiyo pumzi ya ala hii, inageuka tope. Funika uzi mmoja wa jozi kwa kidole, tuni mwenzake kwa simu ukipanda kutoka chini, kisha mtuni wa pili kwa sikio mpaka ule mtetemo ukome. Yank Rachell, mpiga mandolini wa blues, alirekodi na mwimbaji na mpiga gita Sleepy John Estes mjini Memphis, Marekani, mwaka 1929, piano ikiwa kando yao. Piano haisubiri mandolini isogee. Sikilizeni Rachell na wapiga mandolini wenzake Charlie McCoy, Carl Martin na Johnny Young, mtasikia noti zilizopindwa na watu waliojua unyoofu uko wapi.

Kuhusu mitambo: chumba cha wasikilizaji arubaini hakihitaji spika mbili kubwa. Ekwalaiza hupunguza au kuongeza sehemu za sauti. Haiwezi kuhamisha noti. Mkikuza mandolini sita zisizoelewana, mmekuza ugomvi. Tena wa mitambo wengi hubandika pikapu ya piezo, kidude kinachonasa mtetemo wa mbao, na kuichomeka moja kwa moja kwenye miksa, bila kifaa cha kati chenye mlango wa ukinzani wa takriban megaohmu 1. Besi yote inapotea, sauti inakuwa ya bati, kisha wanazidisha spika ili kufidia na mlio wa kurudi unaanza. Umeme wenyewe si adui. Rachell mwenyewe miaka ya baadaye alipiga mandolini ya umeme. Shida ni kuutumia kama kifuniko.

Kwa tamasha lenu, panga viti kwa nusu duara, safu tatu au nne, wapigaji wakiwa karibu na ukuta mgumu nyuma yao. Mwimbaji akizidiwa, maikrofoni moja ya kawaida inatosha. Ya mandolini, mkiihitaji kwa anayepiga solo, ikae sentimita 25 au 30 ikielekezwa pale shingo inapoungana na mwili, kamwe si kwenye tundu la sauti, na spika iwe mbele ya maikrofoni, ikiwatazama wasikilizaji. Gita likiwepo, libaki bila umeme, na anayelipiga ashushe mkono solo ya mandolini ikianza. Epukeni ukumbi wa mabati usio na siling'i mwezi wa Aprili au Novemba, kwa sababu mvua ya dakika tano itawamaliza na hakuna mitambo ya kuishinda. Umeme ukipotea, ninyi mtaendelea kupiga. Kuna pia kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na spika kubwa katikati ya makazi ni njia ya haraka ya kumfanya jirani apige simu.

Warsha haina mengi. Watu kumi, mandolini sita: wanne washike mdundo, mbadilishane kila dakika 20. Chukueni chupa ya soda yenye mbavu na kitu cha kuikwaruza, kama wanavyofanya wapigaji wa omutibo, mtindo wa gita la vidole wa magharibi mwa Kenya. Bendi za Memphis zilizopuliza mitungi zilijaza nafasi hiyo hiyo kwa ubao wa kufulia. Mpiga gita wa vidole viwili wa mtaani kwenu ataingia humo bila taabu. Viti visiwe na mikono. Pleki, yaani kibanzi cha kupigia nyuzi, iwe nene, milimita 1 au zaidi. Nyembamba inapiga kofi juu ya nyuzi na tremolo haitoki. Robo saa ya kwanza ni ya kutuni, bila haraka, ala zikiwa zimeshakaa ukumbini nusu saa baada ya kutoka juani au kwenye buti ya gari. Baada ya hapo ni blues ya vipimo 12 katika G: vinne vya G, viwili vya C, viwili vya G, kimoja cha D, kimoja cha C, kimoja cha G, cha mwisho D. Kuanzia uzi wa G hadi E, vidole (namba ni freti ya kubonyeza, 0 ni uzi wazi) ni 0-0-2-1 kwa G7, 3-2-3-0 kwa C7 na 2-0-3-2 kwa D7. Mdundo 80 kwa dakika. Msiongeze kasi mpaka wote sita wanazima nyuzi kwa pamoja.

Ninachokiona Nairobi nzima ni kwamba bajeti inaanza na bango na spika, na ala zinakumbukwa saa mbili kabla ya watu kuingia. Kisha mtoto aliyepewa mandolini yenye nyuzi zilizoinuka milimita 4 anaambiwa hana kipaji. Ana vidole vyenye vidonda, basi. Anayewauzia ala mwambieni aipime freti ya 12 mbele yenu kabla hamjalipa. Anayekuja kukodisha mitambo mwambieni asikilize chumba kikiwa kimya kwanza, ndipo ataje idadi ya spika. Na anayefundisha awe tayari kutuni mandolini zote sita kwa mkono wake. Akikataa, tafuteni mwingine, hata kama ana jina.

Hamkuniambia kama kuna mandolini iliyokwisha kugundishwa. Kama ipo, msiling'oe daraja, maana litaondoka na rangi na hata na kibanzi cha mbao. Asetoni huyeyusha supa gluu, lakini hula vanishi nyingi pia. Pimeni freti ya 12 kwanza. Likiwa ndani ya senti 5, liacheni, mtumie nyuzi za saizi ile ile daima. Likizidi hapo, mandolini hiyo ipigwe freti tano za kwanza tu, ishike mdundo, mpaka mpate fundi wa ala za nyuzi wa kulitoa kwa kisu chembamba kilichopashwa moto.