Gung-ho: sifa au kijembe?

Bosi wetu ni Mwingereza. Juzi kaniambia niko "gung-ho" na kazi. Kanisifu au kanisema?

Inategemea alikuwa na uso gani. Neno hili, linalotamkwa kama "gang-hou", ni la mtu mwenye ari ya kupitiliza: kazi haijagawiwa, yeye keshakunja mikono ya shati. Kama alitabasamu, pokea sifa yako. Ila ukisikia "tusiwe gung-ho sana", ujue unaambiwa kistaarabu kwamba una kiherehere.

Eti ni Kichina?

Ndiyo, na huko lilikotoka halikuwa na shauku yoyote ndani yake. Mwaka 1938, Japani ikiwa imeshateka miji ya viwanda ya pwani ya China, Rewi Alley wa New Zealand na wenzake, wakiwemo waandishi wa Kimarekani Edgar Snow na mkewe Helen, walianzisha vyama vya ushirika vya viwanda vidogo. Wakimbizi na mafundi waliopoteza kazi wakawa wanafuma hata mablanketi ya jeshi. Kwa Kichina, shughuli za viwanda ni "gongye", chama cha ushirika ni "hezuoshe". Watu wakachukua vichwa vya maneno hayo, kama sisi tulivyofanya kwa Tanganyika na Zanzibar, wakapata "gonghe". Kifupisho cha ofisini tu! Lakini "gong" ni kazi na "he" ni kuungana, kwa hiyo mgeni angeweza kabisa kusikia "tufanye kazi pamoja".

Nani alilipeleka Marekani?

Mgeni mmoja wa namna hiyo: Evans Carlson, ofisa wa Marine (askari wa Marekani wanaoshambulia kutoka baharini) aliyekuwa China miaka hiyo. Mwaka 1942 alipopewa kikosi chake akalifanya kaulimbiu, na akaitisha vikao ambavyo askari wa kawaida alisema lake mbele ya wakubwa. Agosti mwaka huo wakavamia kisiwa cha Makin, Pasifiki. Mwaka 1943 Hollywood ikatoa filamu yenye jina hilohilo, na raia wakalidaka. Wao waliona wanaume wanaokimbilia risasi. Habari ya ushirika ikapotelea njiani. Mimi huliona hilo ni hasara.

Basi si ndiyo "harambee"?

Kwa maana ya Carlson, zinakaribiana sana. Kwa maana ya leo, hapana. Jaribu kumwambia mwenzako wa ofisini kwamba "yuko harambee mno" uone atakavyokutazama.