Kwa Nini Hita ya Jua Huwa Nyeusi?

SWALI: Mhariri, kwa nini bamba la hita ya maji ya jua hupakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, rangi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, na nishati hiyo huzifanya atomi za bamba zitetemeke kwa kasi zaidi, mtetemo huo ndio joto linalopita kwenye maji. Kioo, ambacho wengi hukidharau, hupitisha mwanga wa jua lakini huzuia miale ya infraredi (miale ya joto isiyoonekana kwa macho) inayotoka kwenye bamba, tena hulikinga na upepo. Katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1767, mwanasayansi Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alipata joto lililozidi nyuzi 100 za Selsiasi ndani ya sanduku la vioo, bila kuni wala mkaa.